Kiti cha Tano cha Timu ya Kericho

Karani wa mizani aliniambia, "Simama, weri, mtoto akae."

Weri kwao ni kijana. Nilifikiri ni mzaha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha tano cha timu ya Kericho, timu ya mpira wa kikapu ya miaka yote, mbele ya ukumbi wa shamba la chai uliojaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Nilikuwa na shati jeupe la kuazima na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya panga. Mama yangu alikuwa benchi la pili na kitambaa kipya kichwani. Nikageuka kumtafuta huyo mtoto anayetaka kukaa, nikidhani ni kijana fulani mrefu ametolewa sekondari. Nikaona bibi kizee anakuja polepole, amebeba blanketi la manjano, na ndani ya blanketi kuna kichwa kisicho na nywele.

Mtoto mwenyewe alikuwa hajaota hata jino.

"Huyu?" nikauliza.

"Huyu," karani akasema. "Ndiye senta wetu."

Na watu wote mle ukumbini, watu wenye akili zao, watu niliochuma nao majani kwenye mvua, wakatikisa vichwa kama wanaosikia neno la haki. Nikasimama. Bibi akakaa kwenye kiti changu kilichokuwa bado na joto langu, akampakata senta, senta akafungua mdomo akapiga miayo. Watu wakampigia makofi. Mimi nikabaki nimesimama pale mbele na kaptura yangu, sijui mikono niiweke wapi.

Nimeachwa na mke, nimeumwa na mbwa wa askari, nimelala na malaria nikaanza kuongea na ukuta. Hakuna siku iliyonishinda kama hiyo.

Binti yangu ndiye ananiandikia haya kwa kompyuta, kwa sababu mimi shule niliachia darasa la tano. Amenikataza kutaja majina, ati kuna sheria. Sawa. Nitawataja kwa kazi zao, na kila mtu aliyekaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi za shamba lile, miaka ya tisini atawajua bila kuambiwa. Wenye makosa ni watatu: karani wa mizani, dereva wa trekta wa Longisa, na mzee wa kanisa aliyefanywa mwamuzi. Makosa hayakulingana. La karani ndilo baba wa yote.

Mambo yenyewe yalianza na mzungu mmoja fundi, aliyeletwa kufunga mashine mpya kiwandani. Mtu mrefu, mpweke, hakunywa pombe wala hakwenda kanisani, kwa hiyo jioni hakuwa na mahali. Siku moja akachukua kikapu cha kuchumia majani, akakikata kitako kwa kisu, akakipigilia ukutani kwa nyuma ya stoo ya mbolea, akaanza kurusha mpira ndani. Sisi tulisimama kumtazama. Nyapara akaja, hakuuliza mchezo ni gani, aliuliza kikapu ni cha nani. Fundi akacheka, akaenda karakana akachomelea ringi ya chuma. Alipoondoka, mashine zikiwa zimeshaanza kufanya kazi, ringi ikabaki, na sisi tukabaki na ringi.

Kiwanja chetu kilikuwa cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kwa sababu nchi yote ile ni ya mteremko, kiwanja nacho kilikuwa na upande wa juu na upande wa chini. Ukitoka upande wa juu unakimbia kama swala. Ukirudi unapanda kama punda. Pembeni kulikuwa na chai. Chai iliyokatwa vizuri iko sawa juu kama meza, na mpira ukiangukia pale hauzami, unateleza juu ya majani unakwenda zake, na wewe unauona unakwenda, na huwezi kukanyaga, maana kuvunja chai ilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja mguu. Ilibidi upite kati ya mistari kwa adabu kama mtu anayechuma. Hapo ndipo nilipata jina langu la kiwanja. Mimi ni mfupi na mwepesi, nilikuwa nikipita kwenye chai kama sungura, na ndivyo walivyoniita, nikirudi na mpira wengine bado wanatafuta njia. Na nikiwa nao mkononi hakuna aliyenishika.

Senta wetu alikuwa mtu wa boila. Jitu refu, jeusi kwa moshi, kazi yake kulisha kuni tanuri la kiwanda. Alikuwa ndugu mkubwa wa karani wa mizani, baba mmoja mama mmoja, ila ungewaona pamoja ungesema mmoja alikula chakula cha mwenzake. Yule jitu alikuwa akisimama chini ya ringi hafanyi lolote, ananyosha mkono tu, na mimi namrushia. "Leta, mdogo wangu," alikuwa anasema. Mimi si mdogo wake. Wazazi wangu walitoka Kisii wakiwa vijana kuja kuchuma chai, mimi nikazaliwa kwenye laini, chumba cha pili kutoka bombani. Lakini yeye aliniita hivyo, na hakuwahi kuniita vingine.

Niseme neno moja hapa, halafu nirudi kwenye mpira. Kulikuwa na wakati katika miaka hiyo ambapo swali la "kwenu ni wapi" halikuwa swali la salamu. Kule mbali kidogo na sisi watu waliulizwa, na majibu yao hayakungojwa. Mama alifunga nguo zetu kwenye shuka, zikakaa mlangoni siku nyingi, tayari kwa kukimbia. Mtu wa boila alikuja jioni na koleo lake la makaa, akaweka kigoda mwanzo wa laini yetu, akakaa. Waliopita walimsalimia, wakaenda zao. Na karani, haki isemwe, naye alikuja kukaa na ndugu yake, ingawa kigoda chake kilikuwa nyuma kidogo. Ndiyo maana jambo alilonifanyia baadaye limekataa kunitoka kooni. Adui hawezi kukuuma hivyo.

Sasa mpira. Kwenye ukumbi kulikuwa na televisheni, na Jumapili walionyesha mpira wa kikapu wa Amerika. Mtangazaji alikuwa na tabia ya kusema huyu mchezaji ni mzaliwa wa mji fulani, yule wa mji fulani. Dereva wa trekta wa Longisa, mtu ambaye hangeweza kuona ng'ombe wawili bila kuwashindanisha, akasimama akauliza ukumbi mzima: "Je, wakichukuliwa watu wa mji mmoja peke yake, wale wa zamani na wa sasa, wakacheza na wa mji mwingine vilevile, nani anapiga nani?"

Ilikuwa kama kurusha kiberiti kwenye stoo ya nyasi. Jumapili hiyo tulibishana juu ya miji ya Amerika ambayo hatukujua iko upande gani wa bahari. Jumatatu mvua ya mawe ikatufungia kwenye kibanda cha mizani, wachumaji wote na vikapu vyetu, na kabla barafu haijayeyuka tulikuwa tumeacha Amerika.

"Longisa tukikusanya watu wetu wote," dereva akasema, "hakuna atakayetuona hata vumbi."

"Longisa mna nini?" karani akasema bila kuinua macho kwenye mizani. "Mna hospitali. Timu yenu ya miaka yote ni wagonjwa."

"Hospitali ndiyo hiyo hiyo nguvu yetu! Aliyezaliwa hospitali ya Longisa ni wa Longisa. Hata wewe karani ulizaliwa pale, uliza mama yako. Kwa hiyo wewe ni wangu. Na ndugu yako wa boila ni wangu. Kericho mmebaki na nani? Mmebaki na mvua."

Watu walicheka mpaka wakaegemea vikapu. Muuza viazi wa Kedowa, aliyekuja na mzigo wake akafungiwa na mvua kama sisi, akasema Kedowa hawahitaji hata mazoezi, maana kijana wa kwao huanza kurusha gunia la viazi juu ya lori akiwa bado anaogopa giza. "Kama gunia linaingia kwenye lori linalotembea, mpira utakosaje ringi iliyosimama?"

Hapo karani akaona hatari. Akaweka kalamu sikioni akatoa sheria, na hiyo sheria ndiyo iliyokuja kuniua mimi.

"Kwao mtu si pale alipozaliwa," akasema. "Mtu anaweza kuzaliwa hata njiani. Kwao ni pale babu yake amezikwa. Mwenye kaburi la babu Longisa aende Longisa. Mwenye kaburi Kericho, huyo ni wetu."

Wote wakakubali, kwa maana ilikuwa sheria nzuri. Mimi nikainamia kikapu changu. Babu yangu amezikwa Kisii, mahali ambapo nilikuwa nimefika nikiwa mgongoni mwa mama.

"Na huyu?" dereva akauliza, akinionyesha kwa kidole.

Mtu wa boila alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuangalia kama majani yatafika kiwandani. "Huyo ni wetu," akasema. "Songa mbele, mambo mengine."

Dereva akasonga. Nani angebisha? Karani naye akasema, "Ndiyo, ndiyo, huyo yuko kwenye chai, ni wetu." Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mashahidi wapo.

Kuanzia hapo hakukuwa na mvua ya bure. Kila mawe yalipoanguka, timu zilikua. Dereva alipoishiwa na watu wazima akaanza kufukua wazee. Alikuwa na babu mmoja wa Longisa aliyekuwa akichukua asali kwenye mti bila kupanda, anasimama tu chini. Alikuwa na mwingine aliyeruka fahali kwa urefu, si kwa upana. Alikuwa na watatu ambao, kwa maelezo yake, hawakuwahi kukosa kitu walichokirushia jiwe tangu wabatizwe. Muuza viazi naye akaja na mababu wa Kedowa ambao hata viazi vyenyewe havikuwajua. Ikafika mahali Kericho tunapigwa na makaburi.

Ndipo wakamwita mzee wa kanisa awe mwamuzi. Akasikiliza pande zote, akafikiri, akasema hataki kusikia tena habari ya wafu. Timu ni watu wanaopumua. Na ili uongo uishe, siku ya mwaka mpya kila timu italeta watu wake watano ukumbini, wakae kwenye viti watu wawaone, msemaji wa timu awatetee kwa maneno, halafu wateremke kiwanjani wacheze kweli. Watakaoshinda wataandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa stoo ya mbolea, chini ya ringi: huo ndio mji mkubwa, na hawa ndio watu wake.

Ukiwa na kwenu hutaelewa ule ukuta ulikuwa nini kwangu. Mtu mwenye shamba la babu yake ana mahali jina lake linajulikana hata akikaa kimya. Mimi chumba chetu kilikuwa cha kampuni, kitanda cha kampuni, hata kuku wetu alitakiwa kuwa na ruhusa. Nilitaka jina langu liandikwe pale chini ya neno Kericho. Basi. Sikutaka kingine.

Lakini kiti hakikuwa changu bado. Watano wa Kericho walikuwa wameshatimia, na mimi nilikuwa wa akiba.

Halafu mtu wa boila akaugua. Alikohoa msimu mzima wa mvua, akakonda mpaka urefu wake ukawa wa kutisha, akafa. Tulimzika nyuma ya nyumba ya baba yake kwenye kilima. Karani alisimama kaburini hakulia, alishika kofia yake akiizungusha, akiizungusha. Siku nyingi baada ya hapo alikuwa akisoma mizani vibaya na hakuna aliyemkosoa, hata yule aliyepunjwa.

Dereva ndiye aliyekumbusha. Alingoja muda wa heshima upite, halafu akasema kwa upole kabisa, "Karani, pole tena. Lakini mlikataa wafu wetu. Na wenu akae kando."

Karani alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi. "Kiti cha tano ni chako," akasema. "Umchezee vizuri."

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama. Alifungua sanduku akatoa nguo yake ya kanisa akaianika, na siku ya mwaka mpya ilikuwa bado mbali sana. Kila aliyepita akiuliza mbona nguo ya Jumapili iko nje Jumatano, alijibu, "Mtoto wangu atakalishwa na Kericho." Nguo hiyo ilianikwa mpaka ikaanza kupauka.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoweza kushangilia kamba itakayomnyonga. Karibu na mwisho wa mwaka, mke wa karani alijifungua mtoto wa kiume. Sisi majirani tulikwenda. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea mzazi uji kila asubuhi. Ikafika siku ya kumtafutia mtoto jina la kurenet. Kwa asiyejua: Wakipsigis wanaamini mtu wa ukoo aliyekufa anaweza kurudi kwa mtoto mchanga. Kina bibi wanamzunguka mtoto, wanataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na ugoro kidogo umewekwa karibu na pua. Jina linalotajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amekuja. Mimi nilikuwa nje na wanaume tukinywa mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni. Tulisikia kogo, yaani bibi, mama mzazi wa karani, anataja. Akataja babu, kimya. Akataja baba wa babu, kimya. Shangazi mmoja akasema huyu mtoto pengine hana mtu. Kisha kogo akakohoa, akataja jina la yule mwanawe, mtu wa boila. Na tukasikia chafya.

Ilikuwa chafya kubwa. Kwa mtoto wa kimo kile, ilikuwa chafya ya ajabu. Wanawake wakapiga vigelegele, karani akaweka kibuyu chini akaenda nyuma ya nyumba peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakuna aliyemwuliza. Mimi nililia wazi, sikujificha. Nikamwambia, "Amerudi." Akanikumbatia. Ningejua anakwenda kufanya nini na hiyo chafya, ningekwenda mle ndani nikaupuliza ule ugoro upeperuke.

Basi tufike ukumbini. Nimeshakuambia nilivyosimamishwa. Sijakuambia maneno yaliyofuata.

Mzee wa kanisa aliuliza, "Karani, hii ni nini?"

"Mzee, wewe ulisema watu wanaopumua. Huyu anapumua. Uliza kogo kama jina lake si lile."

"Ni lile," kogo akasema. "Nilimzaa mara ya kwanza, namjua."

"Lakini huyu kijana je?" mzee akauliza.

Karani hakuniangalia. "Huyu alikuwa amemshikia kiti mwenyewe. Mwenyewe amekuja. Na kusema ukweli, mzee, kwa sheria yetu ya kaburi la babu, huyu si wa hapa. Kuna benchi la Wageni pale nyuma, anaweza kukaa."

Mama yangu akasimama. Mama hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. "Karani," akasema, "huyo mtoto nimempikia mama yake uji mpaka sufuria yangu imetoboka. Jana alikuwa mdogo wa kula. Leo ni mkubwa wa kumtoa wangu kwenye kiti?"

"Mama, usikasirike. Si mimi. Ni yeye amerudi."

"Kama ni yeye amerudi, mwulize yeye! Yule mtu alikaa mlangoni kwangu na koleo. Hangemsimamisha huyu."

Wakamtazama mtoto. Nakuapia, ukumbi mzima ulimtazama mtoto ukingoja jibu. Mtoto akacheua maziwa kwenye blanketi.

"Amenyamaza," mzee wa kanisa akasema. "Anayenyamaza amekubali." Na hilo ndilo kosa lake yeye, nimelitaja.

Kosa la dereva ni kwamba badala ya kunitetea, aliona mlango umefunguka. "Ngojeni!" akapiga kelele. "Kama wanarudi, hata wetu wamerudi!" Akaingia kati ya kina mama waliokaa nyuma, akatoka na watoto wawili, mmoja kila kwapa. "Huyu ndiye yule wa asali! Na huyu ndiye aliruka fahali!"

"Rudisha msichana wangu!" mama mmoja akafoka. "Na sisi ni wa Kedowa!"

Muuza viazi aliposikia Kedowa akarukia kuvuta miguu ya aliyeruka fahali. Mzee wa kanisa akagonga meza, akasema mtoto yeyote asiyepiga chafya mbele ya mashahidi hatahesabiwa. Dereva hakuchelewa. Akamnyang'anya mzee mmoja kopo lake la ugoro, akalifungua kwa haraka, likamponyoka. Ule ugoro ulikuwa mpya. Benchi la kwanza likapiga chafya, la pili, la tatu, madirisha yakapiga chafya, mzee wa kanisa akapiga chafya mara kwa mara mpaka miwani ikaanguka, na dereva, machozi yanamtoka, akawa anatuonyesha kwa kidole mmoja mmoja akidai sote ni wazee wa Longisa tumerudi.

Ambaye hakupiga chafya ni mtoto wa karani tu. Alikuwa amelala. Mzee wa kanisa alipopata pumzi akasema Kericho wameshinda sehemu ya maneno, maana senta wao ndiye peke yake hakushtuka.

Sasa ikaja sehemu ya kiwanja, na hapo ndipo walikumbuka kwamba senta wao hajui kutambaa.

Kedowa hawakutimia watano. Longisa walikuwa wameshuka watano, wamevua mashati. Kericho walikuwa wanne na blanketi. Karani akanijia. Alikuja kwa sauti ya chini, sauti ya kuomba chumvi. "Weri, ingia. Umchezee mtoto."

"Mimi ni mgeni," nikasema.

"Utacheza kwa niaba. Si kwa jina lako, kwa jina lake. Marehemu alikupenda, unajua."

Ningekataa. Kila siku nasema ningekataa. Lakini ringi ilikuwa pale, na mpira, na watu wa Longisa wananicheka kwamba nimefukuzwa na mtu anayenyonya. Nikaingia. Na siku hiyo, sijisifu, waliokuwapo watakwambia, sikushikika. Nilipanda mteremko kama nashuka. Mpira ulipoteleza juu ya chai niliufuata kati ya mistari nikaurudisha kabla mchumaji hajainua mkono. Nilifunga kutoka kushoto, nilifunga kutoka kulia, nilifunga nikiwa nimeanguka. Na kila nilipofunga, karani aliyekuwa pembeni na filimbi aliyoachiwa na mzee wa kanisa alipaza sauti akataja jina la mtu wa boila, na umati ukaitikia jina la mtu wa boila, na kogo akamwinua mtoto juu na blanketi lake ili ashukuru. Mtoto alipigiwa vigelegele kwa jasho langu. Mama yangu alisimama peke yake pembeni mwa chai anataja jina langu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Tulishinda. Yaani, walishinda. Rangi ikaletwa, ukuta ukaandikwa. Juu neno Kericho, chini yake watano, na wa tano jina la mtu wa boila, ambalo ndilo la mtoto. Rangi ilikuwa ya kijani, ile ya kupaka madirisha ya laini. Mama hakupita tena nyuma ya stoo ya mbolea mpaka alipostaafu. Alikuwa akizunguka njia ndefu ya bombani na mzigo wake.

Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Nimefanya kazi za mjengo, nimekuwa mlinzi, nimeuza mitumba. Kila ninapofika naulizwa kwenu wapi, nasema Kericho, na mwenye kuuliza akisikia jina langu la ukoo anacheka, anasema, sema ukweli.

Ningekaa kimya mpaka nife. Lakini juzi nilikuwa Bomet, nimeingia duka la simu kununua chaja. Mwenye duka ni kijana mnene, mfupi, mfupi kuliko mimi, kichwa kimefika tu juu ya kaunta. Alikuwa akiwasimulia wateja kwamba yeye ndiye mchezaji mdogo kuliko wote aliyewahi kuingia timu ya mpira wa kikapu ya Kericho ya miaka yote. Wateja wakamwambia anaota. Akasema jina lake liko ukutani, na kwamba siku ya fainali alifunga vikapu hata hesabu ikapotea, baba yake alikuwa mwamuzi wa filimbi, shahidi. Nikamtazama vizuri. Nikamwuliza kama anajua kucheza. Akasema hapana, mpira unamuumiza vidole.

Nililipa chaja nikatoka. Huyo kijana sina kesi naye. Hakuomba kiti. Mzee wa kanisa ameshakwenda kwa mwamuzi wake mkubwa. Dereva alipata ajali ya trekta na husahau mambo, ingawa nimesikia bado anadai nusu ya Kericho ni ya Longisa.

Wewe karani ndiye umebaki. Najua uko hai, umestaafu, una ng'ombe wa maziwa, unakaa kwenye kibaraza jioni unasikiliza redio. Nimekuheshimu. Ulimpoteza ndugu, nami nilimpoteza, na sikukuonea wivu aliporudi. Lakini jibu haya mawili, na ujibu mbele ya watu kama ulivyosema mbele ya watu.

La kwanza: siku ile kiwanjani, nani alifunga?

La pili: aliyekufa mlimpa njia ya kurudi kwao, ikawa rahisi, chafya moja tu. Mimi niliyezaliwa pale, nikachuma pale, nikacheza pale na mishipa yangu, njia yangu ya kuwa wa pale ni ipi? Nipige chafya mara ngapi?

Usimtume mtoto ajibu. Usijibu kwa simu. Vaa kofia yako, njoo, useme.